Uzi maalumu wa betta: wanaishije pamoja, na ufanye nini wakianza kuzichapa

Kioo Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila anayenunua betta (samaki wa pambo wa tangini) wa kwanza anauliza kama anaweza kuongeza wa pili. Kwa madume wawili bila ukuta katikati jibu ni hapana, hata tangi liwe la lita mia mbili. Kwa mchanganyiko mwingine wowote jibu ni refu, ndiyo maana nimefungua uzi.

Samaki mwenyewe kwanza. Betta wa madukani ni *Betta splendens*, asili yake Thailand ya kati: mashamba ya mpunga, mitaro na vinamasi vyenye majani mengi na maji yaliyotulia. Kwao anaitwa *pla kat*, yaani samaki mng'ataji, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimfanya mnyama wa majini wa taifa. Kabla hajawa pambo alikuwa samaki wa kupiganishwa, na wafugaji walichagua kizazi baada ya kizazi wale wasiokimbia haraka. Huko porini ugomvi ni mfupi. Aliyezidiwa anakunja mapezi, rangi inapauka, anajichomeka kwenye majani, kesi imeisha. Tangini hana pa kujichomeka. Kila baada ya sekunde chache anakutana tena na yule yule aliyemshinda, na mshindi anahesabu kuwa amekuja kujibu mapigo. Hawachoki wala hawazoeani. Wanaendelea mpaka mmoja afe, mara nyingi usiku, kwa majeraha na uchovu.

Kwa hiyo hila zote mtakazosoma humu zina lengo moja: kumpa samaki pa kuondokea, au kumzuia asione wa kugombana naye. Mwenye njia ya tatu aje nayo.

Vipimo vya kuanzia. Dume mmoja, lita 20 za maji halisi. Tangi la sentimita 60 × 30 × 30 linabeba lita 54 likijaa pomoni. Ukiweka mchanga na kuacha sentimita 4 za hewa juu unabaki na kama 42. Hiyo hewa ya juu si mapambo. Betta ana chumba chenye mikunjo juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje ya maji, na lazima apande juu mara kwa mara. Weka kifuniko, kwa sababu mbili: anaruka, na hewa ya juu ya maji inatakiwa iwe na joto na unyevu. Joto la maji nyuzi 25 hadi 28, pH kati ya 6.5 na 7.5, na mkondo wa filta uwe mdogo kiasi kwamba chembe ya chakula ikidondoka inatulia, haizungushwi tangi zima.

Madume wawili kwenye tangi moja la kioo inawezekana kwa njia moja tu, kigawio katikati. Fundi aje.

Fundi Fremu

Nipo mkuu. Kigawio kisiwe kioo wala plastiki inayoonesha upande wa pili. Kuweka kioo safi kati ya madume wawili ni kuwawashia televisheni ya ugomvi usiku na mchana. Watajitutumua mpaka waache kula.

Vifaa: wavu mgumu wa plastiki wa kudarizia wenye matundu ya milimita 2 hivi, vipande viwili, vyeusi kama vinapatikana. Zile fimbo za plastiki za kubania kurasa za ripoti, za stationeri, nne. Silikoni safi isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni na jikoni mara nyingi imewekewa dawa hiyo, na inaua samaki.

Tangi liwe tupu na kavu. Gundisha fimbo mbili kwenye kioo cha mbele na mbili kwenye kioo cha nyuma, zikitazamana, jozi na jozi ziachane sentimita 2. Acha silikoni saa 48 ikauke, mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kisha telezesha wavu kwenye kila jozi. Kuta mbili zenye nafasi katikati zinavuruga picha; ukuta mmoja bado unaonesha kivuli kinachotembea, na kivuli kinatosha kumchokoza.

Makosa matatu nayaona kila mara. Wavu unaishia kwenye usawa wa maji: betta anaruka upande wa pili, asubuhi unakuta mapezi yanaelea. Upandishe hadi uguse kifuniko. La pili, wavu haujafukiwa. Zamisha chini angalau sentimita 2 ndani ya mchanga, la sivyo watapenya kwa chini. La tatu ni hita moja upande mmoja na kuamini maji yamechanganyika. Pima joto pande zote mbili. Tofauti ikizidi nyuzi 2, sogeza hita karibu na kigawio na weka filta ya sponji upande wa pili ili maji yavutwe kuelekea huko.

Mkumbuke pia kuwa kigawio kinazuia meno, hakizuii ugonjwa. Maji ni yale yale.

Binti Makorokoro

Fundi, tangi la lita 42 hilo linaweza kugawanywa mara tatu?

Fundi Fremu

Kihesabu inaingia, kitabia haingii. Vyumba vya lita 14 vya upana wa sentimita 20 vinamfanya kila dume azunguke mlangoni kwa jirani siku nzima. Gawa mara mbili uishie hapo.

Dada Salvinia

Niseme habari ya majike, maana wengi wanaambiwa "majike hawagombani". Wanagombana. Tofauti ni kuwa majike wanaweza kupangana, mkubwa kwa mdogo, wakishapangana wakatulia. Dume hana lugha hiyo.

Tangi la majike wengi tunaliita bweni. Masharti yake hayapunguzwi:

Tangi la sentimita 80 × 35 × 40, lita 112 likijaa. Urefu wa chini ni muhimu kuliko kina, kwa sababu samaki anakimbia kwa mlalo. Majike sita hadi wanane. Chini ya watano, mbabe anachagua mmoja na kumfanyia kazi huyo huyo. Wakiwa wengi, udhia unagawanyika. Wawe dada wa uzao mmoja waliokua pamoja kama inawezekana, au angalau wa ukubwa mmoja.

Mimea iwe mingi kuliko unavyodhani. Kipimo ni hiki: simama mbele ya tangi. Ukiweza kuwahesabu wote kwa mtazamo mmoja, mimea haitoshi. Java fern na anubias zifungwe kwenye magogo kwa uzi, mimea ya shina ipande mpaka juu, na mimea ya kuelea ifunike theluthi moja ya uso wa maji. Maficho yote yawe na matundu mawili. Chungu chenye mdomo mmoja si maficho, ni mtego.

Tangi liive kabla ya samaki yeyote. Maana yake bakteria wa filta wawe tayari: tia amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki) ifike miligramu 2 kwa lita, na ngoja mpaka tangi liweze kuimaliza hiyo amonia pamoja na naitraiti (sumu ya pili, ambayo amonia inageuka kuwa) ndani ya saa 24. Kwa kawaida wiki tatu hadi sita. Watu wanaruka hatua hii, halafu majike wanaunguzwa mashavu na amonia, wanakuwa wakali, na lawama inakwenda kwa tabia.

Kuwaingiza: kila mmoja akae karantini peke yake wiki mbili hadi nne. Siku yenyewe zima taa ya tangi, walishe wote kwanza huko waliko, kisha waingize wote kwa pamoja. Ukijua nani mkali, huyo aingie wa mwisho, baada ya saa kadhaa. Usianze na watatu halafu kuongeza mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Kila anayeingia anavunja mpangilio na wanaanza upya.

Siku tatu za kwanza kutakuwa na kufukuzana, kutunisha mashavu, kuchanika kidogo. Hiyo ni ada ya kuingia. Kisicho ada: magamba kung'oka, jike kubana kona ya juu karibu na hita asishuke hata kula, au wawili kufuatana mfululizo zaidi ya dakika chache bila mmoja kukatisha. Hapo toa mmoja. Na wa kutoa ni mbabe, si anayeonewa. Ukimtoa mnyonge, mbabe anachagua mwingine kesho. Mbabe akae nje siku tano hadi saba, wakati huo hamisha magogo na mimea, kisha mrudishe akiwa mgeni. Akirudia, bweni si lake maisha.

Mzee wa Kokoto

Nakubaliana na hesabu za dada, sikubaliani na jambo lenyewe. Majike wa betta si dagaa. Porini hawatembei kwa makundi; kila mmoja anakaa na eneo lake na kuhama akitaka. Unachokiona bwenini ni uvumilivu, na uvumilivu huo unavunjika miezi minne au sita baadaye mmoja akikomaa, akijaa mayai, au akiugua. Umekuwa na utulivu, ukalala, ukaamka na maiti mbili. Na msongo wa kila siku ambao hauoneshi majeraha bado unawafupishia maisha.

Kwa anayeanza, shauri langu ni betta mmoja na majirani wa aina nyingine.

Dada Salvinia

Mzee, hapo hatubishani sana. Ndiyo maana naweka sharti la mwisho ambalo wengi hawalipendi: kabla ya kununua majike sita, uwe na vyombo sita vya akiba vya lita 10 na zaidi, vyenye vifuniko, na njia ya kuvipasha joto. Asiye navyo asianze.

Chotara

Na je akija kugundua mmoja wa "majike" ni dume?

Dada Salvinia

Hutokea sana na wachanga wa aina ya betta inayouzwa kwa jina la plakat, maana dume wake ana mapezi mafupi. Mwoneshe kioo kidogo cha kujitazamia. Akijitutumua, tazama chini ya vifuniko vya mashavu: dume anatoa "ndevu" pana, ngozi inayoning'inia, ya jike ni ndogo, mara nyingi haionekani. Kisha tazama tumbo, nyuma kidogo ya mapezi ya mbele ya chini: jike aliyekomaa ana doa jeupe kama punje ya chumvi, ni mrija wa mayai. Kiota cha mapovu kisikuamulie, kwani na majike wengine wanajenga.

Ras Nungwi

Wadau, nina tangi la mbuna wa Ziwa Nyasa, lita 200, lina nafasi. Betta mmoja dume ataleta shida?

Mzee wa Kokoto

Shida itamfuata yeye. Mbuna wanataka maji magumu ya pH 7.8 hadi 8.6, wana kasi, na wanagombea mawe kutwa. Betta mwenye mkia mrefu humo ni kitambaa kimetupwa kwa mbwa. Usijaribu hata siku moja.

Kwa kuwa swali la majirani limeingia, niliweke vizuri. Usikariri orodha, uliza mambo manne. Je, ana mkia mpana au rangi kali inayofanana na betta? Basi betta atamvamia. Ndiyo kesi ya gapi dume. Je, ana tabia ya kudonoa mapezi? Basi yeye ndiye atamvamia betta; tiger barb na serpae tetra ndio vinara. Je, anaishi tabaka lile lile la juu? Gourami ni ndugu wa betta, anavuta hewa juu kama yeye, na wanagombea uso wa maji. La nne ni joto. Goldfish anataka maji ya baridi zaidi na anachafua mara nyingi kuliko umbo lake linavyoonesha.

Wanaopita mtihani: korido (samaki wadogo wa *Corydoras*, wakaao chini) sita, kwenye mchanga laini usiowachubua ndevu, rasbora wa harlequin au ember tetra wanane hadi kumi katikati, konokono wa nerite. Hao wa makundi msiwanunue wawili watatu. Tetra wachache wanakosa wenzao wa kuchokozana nao, wanahamia kwenye mkia wa betta. Kamba wadogo wa cherry, hesabu kuwa baadhi ni chakula.

Mpangilio wa kuingia ni majirani kwanza, betta mwisho. Akiingia betta kwanza, tangi lote ni lake.

Kioo Sita

Niongeze mmoja ambaye hatajwi sana. Kuna betta wengine zaidi ya splendens. *Betta imbellis* wa kusini mwa Thailand na Malaysia, jina lenyewe la Kilatini lina maana ya asiyependa vita, anaweza kufugwa jozi au kikundi kwenye tangi kubwa lenye majani. Madume watatunishiana, mara chache wataumizana. Tatizo ni kwamba wengi wanaouzwa kwa jina hilo wamechanganywa damu na splendens, na chotara anarithi ugomvi. Muulize muuzaji wazazi walikotoka kabla ya kuweka madume wawili pamoja.

Mkungu Mkavu

Nije kwenye tabia za betta mmoja peke yake, maana naona nusu ya kesi ziko huko. Wengi wanaandika "betta wangu ana hasira" wakati tangi ndilo lenye kasoro. Kabla ya neno lolote pima: amonia 0, naitraiti 0, naitreti (ambayo naitraiti inaishia kuwa, si kali kama hizo mbili) chini ya miligramu 40 kwa lita, bora chini ya 20. Tumia kipimo cha matone. Vile vijiti vya kuchovya vinakosea sana.

Anapanda na kushuka kioo mfululizo. Kama ni kioo kimoja tu, tena taa ikiwaka, anajiona. Taa ya tangi ikiwa kali kuliko ya chumba, kioo kinageuka kioo cha kujitazamia kwa ndani. Bandika karatasi nyeusi nje, nyuma na ubavuni, punguza mwanga, taa iwake kwa muda wa saa 8 tu kwa siku. Kama anakimbia vioo vyote, pima maji. Kama maji ni safi, angalia mkondo: anaweza kuwa anasukumwa na filta na hana pa kupumzika. Weka vali kwenye mpira wa pampu ya hewa upunguze, au elekeza mdomo wa filta ukutani.

Anajitutumua. Hili si tatizo. Dakika mbili tatu kwa siku ni mazoezi, na humsaidia hata kupata choo. Linakuwa tatizo akiwa na wa kumjibu saa zote: jirani, kivuli, au mwanasesere anayeng'aa. Kioo cha mazoezi kikishatumika kiondolewe.

Anajing'ata mkia. Hapa ndipo pesa za dawa zinapotupwa bure, kwa sababu watu wanadhani ni kuoza mapezi. Tofauti ni ya ukingo na ya muda. Kujing'ata kunatokea ghafla: jana mkia mzima, leo kuna pengo safi kama limekatwa kwa kijiko, upande ambao mdomo unaufikia. Kuoza kunakwenda polepole, ukingo umechakaa, una weusi, wekundu au utando mweupe, na pezi linaliwa kuelekea mwilini. Betta wa aina ya halfmoon, wenye mikia mipana na mizito, ndio wanaojing'ata zaidi. Mkia unawaelemea, wanachoka, wanautafuna. Mwingine anafanya kwa sababu ya mkondo mkali, mwingine kwa tangi tupu lisilo na kitu cha kuchunguza.

Kulitibu: punguza mkondo kwanza. Weka majani mapana sentimita 5 hadi 8 chini ya uso wa maji apumzikie. Hamisha magogo kila wiki mbili apate la kukagua. Badili maji asilimia 30 kila wiki, ongeza mara ya pili wakati kidonda ni kibichi ili kisioze. Pezi jipya linaanza kama utando usio na rangi, na ndani ya wiki chache utauona. Usiuchukulie kuwa ni ukungu ukammiminia dawa. Wapo ambao hawataacha kamwe, kwa kuwa umbo lao ndilo linawaumiza. Huyo mpe maji safi na umwache.

Michirizi. Ya mlalo, hasa kwa majike na wachanga, ni hofu. Ya wima kwa jike ni utayari wa kuzaa. Ukimwona jike ana ya mlalo siku ya tatu bwenini, amezidiwa.

Analala chini au kwa ubavu. Akiamka upesi ukimkaribia na kula kama kawaida, amepumzika tu. Akihangaika kubaki juu, tumbo likiwa limejaa, ni kuvimbiwa au kibofu cha hewa. Mnyime chakula siku mbili. Kisha rudi kwenye punje mbili hadi nne, mara mbili kwa siku. Tumbo lake ni kama ukubwa wa jicho lake.

Mwana Likoni

Mkungu Mkavu, jina lako lina maana au?

Mkungu Mkavu

Lina maana kamili. Jani kavu la mkungu, *Terminalia catappa*, wafugaji wa ng'ambo wanalinunua kwa pakiti mtandaoni. Sisi wa pwani tunalifagia asubuhi na kulichoma moto.

Okota lililoanguka lenyewe, la kahawia, kavu, lisilo na madoa ya ukungu. La kijani liache mtini. Epuka miti ya kandokando ya barabara kubwa na iliyopuliziwa dawa ya wadudu. Suuza, mwagia maji ya moto, liache lipoe, tumbukiza. Jani moja la kiganja kwa lita 20 hadi 40. Likibaki mifupa, wiki mbili tatu hivi, badilisha. Maji yatageuka rangi ya chai. Ndivyo yalivyo kwao porini, na mwanga hafifu unapunguza kujiona kwenye vioo. pH inashuka kidogo kwenye maji laini. Kwenye maji magumu ya kisima usitegemee mabadiliko. Wala msilifanye dawa ya kila kitu. Haliondoi amonia.

Mwana Likoni

Maji ya kisima changu yana chumvichumvi. Yanafaa?

Mkungu Mkavu

Ya chumvi hayafai kukaa nayo daima. Changanya na ya mvua au tafuta ya bomba. Ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi saa 24 kunaondoa klorini ya kawaida, hakuondoi kloramini, na huwezi kujua kwa kunusa. Ya mvua peke yake nayo ni laini mno, pH inayumba.

Ngong Baridi

Jameni, huku Nairobi Julai maji ya tangi yanashuka hadi nyuzi 18. Betta amekaa tu kama jiwe. Hiyo ni tabia ama?

Kioo Sita

Hiyo ni baridi, ndugu. Chini ya nyuzi 22 tumbo lake linakwenda polepole na kinga inashuka. Hita ya wati 50 kwa lita 40 hadi 50, yenye kidhibiti joto, na kipimajoto tofauti ukutani kwa sababu namba ya kwenye hita mara nyingi inadanganya. Panda nyuzi 1 au 2 kwa siku, usimrushe kutoka 18 hadi 27 jioni moja. Dar mwezi wa Februari kesi ni kinyume: maji yakipita 31, betta anakuwa mkali na anazeeka upesi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 hivi. Ongeza maji yanayokauka.

Mbalamwezi wa Muscat

Assalamu alaykum. Huku Ghuba nje ni joto la kuua lakini AC inamfanya betta aishi kwenye friji usiku. Wenye matangi vyumba vya kulala, pimeni saa kumi alfajiri, si saa kumi jioni. Hita inahitajika hata jangwani.

Chotara

Dume na jike wakae pamoja daima, inawezekana?

Dada Salvinia

Hapana. Wanakutana kuzaa tu, saa chache, na wewe ukiwepo. Tangi tupu, maji ya kina cha sentimita 12 hadi 15, nyuzi 27 au 28, jani la mkungu na nusu ya kikombe cha stairofomu kilichokatwa kwa urefu, kinaelea kifudifudi. Dume atajenga kiota chini yake. Jike muweke ndani ya kioo cha taa ya chemli kilichosimama katikati. Kimefunguka juu na chini, na juu kizidi maji. Watazamane siku nzima. Kiota kikiwa kikubwa na jike ana michirizi ya wima, kichwa chini, inua kioo. Mmoja akikosa kimoja kati ya hivyo, usiinue.

Wakimaliza, dume anaokota mayai na jike anakuwa adui. Mtoe hapo hapo. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili, na baada ya siku mbili tatu nyingine vifaranga wanaogelea kwa mlalo. Hapo toa na dume, asije akawala. Madume wachanga wanaanza kutunishiana wakiwa wiki nane hadi kumi na mbili, na kila mmoja anataka chombo chake. Uzao mmoja unaweza kuleta madume mia.

Binti Makorokoro

Wakishaumizana, huduma ya kwanza ni ipi?

Fundi Fremu

Tenganisha, chombo kisipungue lita 10, maji ya kutoka tangi lile lile ili asishtuke. Giza nusu, nyuzi 26, jani la mkungu. Badili asilimia 30 kila siku kwa wiki moja. Kidonda kikiwa kibaya, chumvi tupu ya mawe gramu 1 kwa lita, iyeyushe pembeni kwanza, siku zisizidi kumi. Usitie chumvi kwenye tangi lenye mimea, korido au konokono. Asipokula siku ya kwanza usihangaike, toa mabaki. Viluwiluwi vya mbu kutoka maji safi vinamwamsha hamu haraka. Tia kwa idadi ambayo ataimaliza ndani ya dakika mbili, la sivyo utakuwa umefuga mbu.

Ras Nungwi

La mwisho kutoka kwangu. Mimea ya kuelea imejaa, kila wiki natoa ndoo nzima. Natupa mtaroni?

Dada Salvinia

Usithubutu. Salvinia, mmoja wa mimea hiyo ya kuelea, imewahi kufunika sehemu za Ziwa Naivasha, na gugumaji la Ziwa Victoria mnalijua. Ianike juani kwenye bati mpaka ikatike mkononi kama majani ya chai, kisha ifukie bustanini. Maji machafu ya tangi mwagia mchicha, ni mbolea nzuri. Ila kama ulitia chumvi, yamwage pembeni, si kwenye mchicha.